Viti Viwili vya Mama Viti

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza, anayewasomea haya ni mume wa marehemu, na kwa kuwa marehemu hakupenda mtu azungushe maneno, hatayazungusha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1990, na baadaye akarudi kusomea ushauri nasaha, huku wenzake wakimtania kwamba anatafuta cheti cha umbea.

Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na msomaji huyu, ambaye siku ya kumposa aliketishwa kando yake, wote wawili wakitazama dirishani, akaambiwa aseme kilichomleta, kwani, kwa maneno ya marehemu, "mwanamume akitazamwa usoni hudanganya." Walijaliwa mabinti wawili, mkubwa ni mwalimu, mdogo ni muuguzi.

Mwaka 1998 alikabidhiwa chumba cha ushauri nasaha, mwisho wa varanda, katika shule aliyoitumikia hadi mwisho, akatoa meza nje, akaweka viti viwili vilivyoelekea dirisha badala ya kuelekeana, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na mitatu akikodolewa macho hafungui mdomo, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Viti, na ndipo zilipotoka habari za pombe iliyofichwa kwenye chupa za maji, za gundi ya kunusa, na za wanaume wazima waliowagawia wasichana simu.

Mnamo Septemba 2009 mvulana mmoja alianguka akidandia lori, akavunjika mguu, na kikao cha wazazi kikamtaka marehemu awataje wote waliokuwa wakidandia naye.

"Mwalimu, hawa ni watoto wetu," alisema mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Ndiyo maana siwataji. Nikiwataja leo mtawachapa, kesho watadandia tena, na safari hiyo hakuna atakayeniambia."

Wakasema anafuga wahuni, chumba kikafungwa, kikajazwa mafagio na ndoo, naye akabeba viti vyake mwenyewe hadi varandani, akaazima cha tatu, akawaita wazazi mmoja mmoja, mzazi, mtoto na yeye, wote wakitazama uwanja, mpaka mtoto aseme kwa mdomo wake. Wa mwisho kuketi alikuwa mwenyekiti, na alichoambiwa na binti yake hatujakijua nyumbani hadi leo, ila wiki iliyofuata mafagio yalitolewa.

Waliosema anawafundisha watoto uhuni wamo humu, wamekaribishwa, lakini familia haitajifanya haikusikia.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2022, akakatazwa ngazi, hasira na kazi, akatii ngazi. Alifariki dunia hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake, wote wakitazama dirisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walivumilia wanafunzi waliofurika wodini wakijiita wote wapwa zake, majirani waliotupikia bila kutuuliza, walimu wenzake, na mwenyekiti yule, ambaye leo amebeba jeneza.

Tumesikia kwamba chumba kinatakiwa kuwa stoo tena, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Familia inajibu hapa, mbele yenu na mbele yake. Binti yetu mkubwa, anayefundisha shule hiyohiyo, ataketi pale Jumatatu, na kama mlango utakuwa umefungwa, varanda haina mlango.

Pumzika, Mama Viti. Viti vimepata mwenyewe.