Bodi Ilikuwa Nzima

Wasikilizaji wapendwa, wa hapa Tarawa na wa visiwa vya mbali, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Baikawa, fundi wa printa wa Betio. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, chai ikiwa mkononi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Kwa miaka ishirini na sita, printa ya leza ikikataa kuwaka katika ofisi yoyote kuanzia Betio hadi Bonriki, aliitwa Baikawa. Akifika, alimsalimu mfagiaji kabla ya mkurugenzi. Kisha aliijaribu soketi kwa taa yake ndogo. Kisha akabadilisha waya. Mashine ikiendelea kunyamaza, aliichomoa, akakaa, akahesabu hadi mia mbili ndipo aifungue. "Umeme hauondoki kwa sababu umeuaga," aliwaambia makarani waliomharakisha.

Hayo tumeelezwa na mkewe, Nei Tekaai. Aliyasema huku akimenya shelisheli, bila chozi.

"Watu wananiuliza kama nalala," alisema. "Nalala. Nakula. Sisikii kitu. Ni kama mguu uliokufa ganzi, ila ni mimi mzima."

Siku moja baada ya maziko, simu ya marehemu iliita. Alikuwa karani wa ofisi moja ya Bairiki, hana habari ya msiba.

"Mzee, printa imekufa! Haina hata taa!"

"Mzee hayupo," akajibu Nei Tekaai. "Soketi umeijaribu?"

"Nimejaribu, mama."

"Waya je?"

"Nimebadilisha."

"Izime, uichomoe. Ile trei ya chini, ya kuongezea karatasi, itoe. Sasa ichomeke tena, uiwashe."

Akangoja, kisu mkononi.

"Imewaka! Mama, wewe mchawi! Mwambie mzee asante."

"Nitamwambia," akasema, akarudi kwenye shelisheli lake.

Wasikilizaji wapendwa, habari ya trei hiyo ndiyo familia imetuomba tuisimulie.

Miaka kumi na tisa iliyopita, printa ya ofisi inayoandaa safari za wagonjwa ilikufa siku ya Jumatano. Ilikuwa moja tu. Tebano, mwalimu wa kwaya wa Bikenibeu, alikuwa anangoja barua ya kumpeleka ng'ambo kupasuliwa jicho. Ndege ilikuwa kesho yake. Barua ya mkono haikubaliki.

Baikawa alikuwa na harusi ya mpwa wake siku hiyo. Alifungua mashine, akapima bodi ya umeme, ile inayopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine yote. Haikutoa kitu. "Bodi imekufa," akasema. "Agizeni nyingine Brisbane." Akaenda harusini. Ndege ikaondoka, Tebano akabaki. Kufikia safari iliyofuata, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha.

Bodi mpya ilifika kwa meli baada ya wiki tano. Baikawa akaifunga. Kimya vilevile. Ndipo akaanza kuchomoa kimoja kimoja kila kifaa kinacholishwa umeme na bodi hiyo. Alipoitoa trei ya chini, printa ikawaka. Mota ya trei ilikuwa na shoti, na bodi ilikuwa inajizima ili isiungue. Akairudisha bodi ya zamani. Ikawaka nayo.

Alirudi nyumbani akaketi mkekani. "Tekaai," alisema, "bodi ilikuwa nzima."

Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwa Tebano akamwambia mwenyewe. Naye akamwagiza mkewe: "Siku nikifa mkinizungumzia, na hilo mlitaje."

Nei Tekaai hakutaka. "Wajukuu wanasikiliza redio," alisema. Lakini alikuwa ameagizwa, na jicho ni la Tebano. Kwa hiyo Jumamosi alikwenda Bikenibeu kuomba ruhusa. Alidhani itakuwa rahisi. Wanaume wale wawili walikaa benchi moja kanisani miaka yote, wakigawana tumbaku. Aliamini yalikwisha zamani.

"Lisemeni," akasema Tebano. "Lakini lisemeni lote, shemeji. Msinipake asali."

"Lipi lingine?"

"Alikuja na samaki, nikamfukuza. Akaja tena, nikamfukuza. Mara ya tatu nikamrushia kandambili, ikampata mbwa."

Nei Tekaai alijua kwamba hapo angepaswa kucheka. Hakikutoka kitu.

"Mara ya nne nilichoka," Tebano akaendelea. "Nikamwambia, haya, kaa. Amekaa miaka kumi na minane. Kila Jumapili alikuwa ananisomea maneno ya nyimbo, kwa kuwa hili jicho lililobaki nalo ni vivu. Na sikumwambia hata siku moja kwamba nimemsamehe. Alikuwa anangoja, shemeji. Nilimwona akingoja. Nikajisemea, acha angoje kidogo. Nilidhani tuna Jumapili nyingi."

Alitafuta fimbo yake, akaikuta, akaiweka tena chini.

"Sasa mwambieni nyinyi, redioni. Tebano amemsamehe. Tangu mwaka wa pili. Baada ya ile kandambili nilikuwa naona aibu tu kulisema."

Jana Nei Tekaai alikuja hapa kituoni na maneno hayo kwenye karatasi. "Yasomeni," alisema. "Yote." Kisha akashika mlango wa studio, akaomba kiti. Akalia pale pale. Mtangazaji wa habari alimshikia mkoba wake mpaka akamaliza.

Nei Tekaai, poleni sana wewe na watoto. Wajukuu, mmesikia kosa la babu yenu. Mmesikia pia kwamba alikwenda mara nne.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda kuna mtu anangoja neno kutoka kwako. Hatutakwambia la kufanya. Mfikirie tu, kwa jina lake.

Redio hii hupeleka ujumbe visiwa vyote. Huu unakwenda kwa Baikawa, fundi wa printa wa Betio. Unatoka kwa Tebano wa Bikenibeu. Amekusamehe. Tangu mwaka wa pili.