Talaka la Kwanza

Benchi la kona liko mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, na wanaolikalia hawana hata kandambili inayoshonwa humo. Wanakuja kwa kahawa na umbea, na umbea ukipungua wanautengeneza. Jioni hiyo haukupungua. Fundi alikuwa ameacha kiatu cha mteja kinywa wazi, kakaa katikati yao, roho juu. Kushoto kwake Wakili, mshona nguo ambaye mahakama ameiona kwa nje tu. Kulia Redio, muuza vocha. Akisikia jambo yeye, mtaa umesikia.

— Rudia, alisema Wakili. Neno kwa neno.

— Mke wangu kaufunga mlango wa jikoni. Yeye na simu. Nasikia, "Talaka la kwanza liwe jembamba. La pili ndiyo unajaza."

— Si husemwa talaka *ya* kwanza?

— Alisema "la".

— Hasira hizo, alieleza Wakili. Mtu akishapandisha, hata Kiswahili kinampinda.

— Na hilo jembamba? aliuliza Redio.

— La kuonjesha. Linalofuata ndilo la kukutoa nje.

Fundi alimpenda mke wake mno, na woga ulikuwa unamla. Tena kuna jambo hakuwaambia: juzijuzi alisukuma sahani ya bilinganya, akasema ina ladha ya sponji ya kuoshea gari. Mke aliondoa sahani bila neno. Kimya kile ndicho kilichomnyima usingizi.

— Jikoni ulikuta nini? Redio alisogea.

— Mabilinganya. Kayakata bapabapa, kayapaka chumvi, kayakandamiza kwa chuma changu cha kugongea soli. Yanatoka maji. Namuuliza, ananijibu, "Yaache yalie kwanza."

— Yalie! Anafanya mazoezi huyo! Leo bilinganya, kesho wewe.

— Kuna na majani, yananukia nyumba nzima. Anayachana kwa mkono, kisu hataki.

— Kisu kinaua dawa, alihukumu Wakili.

— Na jibini, kaificha nyuma ya unga.

Redio aliweka kikombe chini.

— Wewe unakula jibini?

— Sijawahi hata kuionja.

— Basi mlaji yupo! Redio alipiga paja. Mtu wa jibini huyo, mtu wa mafriji. Usishangae ukikuta keshapimwa suti ya harusi, na chumba chako wamekwishagawana!

— Suti hiyo isingenipita, alisema Wakili. Lakini wahi, kaka. Anayeita wazee mwanzo ndiye mwenye kesi. Ukichelewa, wewe ndiye mshtakiwa.

Fundi alitoa simu.

— Baba mkwe, shikamoo. Njooni nyumbani sasa hivi, wewe na mama. Ni jambo zito.

Akakata kabla hajaulizwa. Wakili alimpongeza kwa kumpiga begani, wakaongeza kahawa, wakaanza kugawana vyombo vya nyumba isiyo yao.

Hawajamaliza, akatokea shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe, aproni kiunoni na mchuzi wa nyanya hadi kwenye kiwiko.

— Shikamooni. Shemeji, mbona unatuumbua? Baba na mama wamefika na wajomba wote, na chombo chetu cha kuokea kidogo!

— Chombo gani?

— Cha bilinganya ya Kitaliano! Dada kahangaika wiki nzima ili uipende, mimi namwelekeza kwa simu hadi leo nilipokuja kumsaidia, yeye anarudia: tabaka la kwanza jembamba, la pili unajaza nyanya na jibini...

— Tabaka, alisema Fundi polepole.

— Sasa ningesema nini?

Wakili alianza kutafuta sindano ambayo hakuja nayo.

— Chakula kiko mezani kinapoa, shemeji aliendelea. Wazee hawataki kugusa hata maji, na dada analia. Baba kanituma nikuulize: jambo zito ni lipi?

Fundi alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Redio. Redio alikuwa amezima.

— Waambie nakuja, alisema Fundi, lakini hakuinuka.