Wa Kushukuriwa Kule Korea

Kuna benchi moja Crescent Town, pale linapoanzia daraja la miguu la kuingia stesheni ya Victoria Park, ambalo baridi ya Toronto haijaliweza. Jumamosi jioni, mvua au theluji, wenyewe utawakuta. Yupo Bi Rehmat wa Mwanza, mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi, ukimuudhi, hunywi. Yupo Sam, kijana wa kompyuta, wanayemwita Waifai kwa sababu hukatika pale tu unapomhitaji. Yupo Mwalimu, aliyefundisha Kakamega mpaka chaki ikamwingia damuni, mtu wa methali mia na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Na yupo Mzee Kirimi, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo katika ghala moja kule Brampton. Siku hiyo Mzee Kirimi alikuwa na furaha inayomnyima raha. Kesho yake alitakiwa kusimama kanisani atoe shukrani kwa ajili ya mjukuu wake, na hakujua amshukuru nani.

— Si umshukuru Mungu, ukae chini? Bi Rehmat alimwuliza. Kuna ugumu gani hapo?

— Mungu nimeshamweka wa kwanza. Namtafuta wa pili.

Mjukuu mwenyewe ni Kirimi mdogo, wajina wake, anayeishi Korea na mama yake, Jennifer, aliyepata kazi huko. Darasani alikuwa anashika mkia. Kwenye simu alikuwa akimkodolea babu yake macho tu, kisha huyo, anakimbilia kucheza. Kila mtu alidhani lugha imemshinda, maskini, mtoto wa wageni. Sasa shule ile watoto hufanyia mazoezi kwenye tableti, na ndani yake mna akili mnemba inayofuatilia kila jibu. Ikaona jambo ambalo halikuonwa na mtu: maswali ya kusoma, mtoto anapata, ya kusikiliza, anakosa yote. Ikamwekea mwalimu wake alama ya njano. Mwalimu huyo wa Korea akaenda na mama na mtoto hospitali. Kumbe ni masikio! Mtoto kavalishwa vifaa, sasa anasikia, na darasani mkono wake haushuki. Mzee Kirimi alipopata habari alilia juu ya foklifti, mchana kweupe, wala hakuona haya.

— Basi shukuru data, alisema Waifai. Hakuna muujiza hapo, mzee. Watoto maelfu wanajibu, mashine inawalinganisha, inaona huyu anaenda tofauti na wenzake. Ni hesabu tu.

— Hesabu tu? Mwalimu aliruka. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote, haijawahi kutibu sikio! Nisikilizeni. Wale Wakorea wameitia mashine ndani ya kiti. Inasikiliza mtoto anavyopumua. Akishika kalamu vibaya, inajua babu yake alishika jembe vibaya.

— Lini mimi nimeshika jembe vibaya?

— Ndiyo maana wahenga wakasema, sikio la kufa halisikii dawa!

— Toba! Bi Rehmat alipiga paja. Mtoto kapona, wewe unaleta la kufa! Mwalimu, rudisha kikombe changu. Mimi nawaambia, ile mashine wameilisha mabibi.

— Mabibi?

— Mabibi wa nchi nzima, bwana. Wamewakalisha chini wakawauliza: mtoto akinyamaza sana ana nini? Akiitwa asiitike ana nini? Majibu yote wakayamimina mle ndani. Hapo kuna bibi tu, kajifunika kioo.

— Sawa, basi bibi huyo anakula umeme, alisema Waifai. Tumchangie umeme.

— Leo leo! Mwalimu akadakia. Haraka haraka haina baraka!

Mzee Kirimi alicheka nao, lakini moyo haukutulia. Akisimama kesho aanze kuisifu tableti, mchungaji atadhani baridi imempanda kichwani. Na kunyamaza hawezi. Marehemu mama yake alimlea akimwambia kwamba shukrani isiyotaja mtu ni kelele tu.

Ndipo akatokea msichana darajani, kofia ya sufu kichwani, lebo bado inaning'inia. Alikuwa Chepkoech, mwanafunzi wa uuguzi, aliyehamia jengo la nyuma juzi juzi. Alisikia Kiswahili, miguu ikakataa kupita. Akaamkia, akapewa kahawa, akasimuliwa kisa chote upya, watu watatu wakisimulia kwa pamoja.

— Samahani wazee wangu, akasema. Huyo mwalimu aliyekwenda nao hospitali anaitwa nani?

Waifai alitazama simu yake. Mwalimu alifungua kinywa, methali ikakosekana. Mzee Kirimi aliona aibu. Wiki nzima amehubiri tableti na alama ya njano, hata daktari amemtaja, na jina la mwalimu hakuwahi kuliuliza. Akapiga simu ya video palepale. Kule Jumapili ilikuwa imeshapambazuka, na Jennifer alikuwa jikoni.

— Mama, mwalimu wa wajina wangu anaitwa nani?

— Sonsengnim, Baba.

— Ndilo jina lake?

— Hapana, ndivyo wanavyosema mwalimu. Huku mwalimu haitwi kwa jina, unaonekana huna adabu.

— Cheo ninacho tayari. Nataka jina, nilitaje mbele za Mungu.

Jennifer alishika mdomo.

— Woi, Baba. Alikaa nasi hospitali mpaka jioni, akinitafsiria kila neno la daktari. Na jina lake silijui.

— Basi, mama, alisema Mzee Kirimi, sauti imemshuka. Nilitamani tu kumtaja.

— Yun Boram!

Sauti ilitoka mbali, chumba kingine. Jennifer akageuka. Kwenye simu mtoto hakuonekana.

— Babu, anaitwa Yun Boram!

Hakuna aliyekuwa amemwita.

— Umenisikia, wajina? Kutoka huko?

— Nimekusikia, Babu.

Mzee Kirimi alimpa Chepkoech simu amshikie, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha wote wakaanza kujifunza lile jina. Waifai alilivuruga, Bi Rehmat akamsahihisha, na Mzee Kirimi akalirudia mpaka likamkaa ulimini. Kesho atamtaja Mungu, halafu Yun Boram. Tableti nayo itapata sentensi yake, maana imefanya kazi.

Mwalimu peke yake hakujiunga nao. Alikuwa anageuza kikombe kitupu mikononi.

— Mimi, akasema, kama kuna mtu atauliza, naitwa Silvanus.

Bi Rehmat aliinamisha chupa, akamimina kahawa ya mwisho, ile ambayo siku zote hunywa mwenyewe.

— Shika, Silvanus.