Mzee Kitambaa na Mafuta ya Ghalani

Marehemu, ambaye karibu sote tulimwita Mzee Kitambaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi bomba. Jina hilo alilipata kwa sababu hakutoka nyumbani bila kitambaa mfukoni, na wala hakikuwa cha kufutia jasho. Akigusa chuma chochote, hata kitasa cha mlango wako, alikifuta.

Elimu ya msingi aliimaliza mwaka 1971, kisha akahitimu ufundi wa vyuma mwaka 1975. Walimu walimsifu kwa mikono yake. Kwa hesabu walimwombea tu.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika ghala la silaha la askari wa wanyamapori, akazitunza bunduki zao mpaka alipostaafu mwaka 2017. Askari aliyerudisha bunduki inayochuruzika mafuta aliulizwa, "Hii umeipaka au umeiogesha?" Bunduki ya kwenda doria, aliwaambia, ipakwe mafuta mepesi, tena kidogo, maana yakizidi hunasa vumbi, nayo ikagoma wakati mtu anaihitaji. Ya kukaa ghalani ipakwe mazito, ili unyevu usipate pa kupenya. Maneno ya kwenye kopo hakuyaamini. Kila mafuta mapya aliyapaka kwenye kipande cha chuma, akakitundika dirishani bafuni kwake msimu mzima wa mvua, aone kipi kitashika kutu. Mkewe alilalamika kwamba anaoga katikati ya karakana.

Mke mwenyewe alimpata kwa sababu ya cherehani. Dada huyo alikuwa fundi wa nguo, na mwaka 1981 alimletea marehemu cherehani yake ikiwa imekwama kabisa, kwa kuwa aliipaka mafuta ya kupikia yakaganda kama gundi. Marehemu aliisafisha kutwa nzima, akasema, "Dada, mafuta ya kupikia yaachie sufuria."

"Na wewe sufuria yako nani anaipikia?" dada akamjibu.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982.

Mwaka 2021 vidole vyake vilianza kukakamaa. Ngozi ilikaza, ngumi ikawa haifungi, kitambaa kikawa kinamponyoka. Daktari alieleza kwa upole kwamba ugonjwa huo hauondoki, na ukishafika kwenye mapafu hawatakuwa na la kufanya. Mkewe hakukubali. Alifanya kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote: kila kidole alikipaka mafuta yake, nazi hiki, ufuta kile, kingine nyonyo, na gumba dawa ya hospitali, akangoja aone kipi kitalegea. Kila asubuhi alivikunja kimoja kimoja. Hakuna kilicholegea. Marehemu alimtazama, akacheka kwa shida.

"Mama watoto, chuma kikishaliwa ndani, huwezi kukiponya kwa kupaka nje."

Naye alilijua hilo. Aliendelea kupaka kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, na sisi tuliokuja kumjulia hali tulikaa pale tukitazama mikono yetu wenyewe, mizima na isiyo na msaada wowote.

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024 pumzi zake zilikuwa fupi. Mkewe alimuuliza kama kawaida, "Leo nikupake yapi?"

"Mazito."

"Mazito yapi?"

"Ya ghalani."

Alielewa. Alikwenda jikoni akalia mpaka akamaliza, kisha akarudi na mafuta ya mgando. Alimpaka mikono yote miwili, katikati ya vidole na chini ya kucha, bila kuacha pengo, akafuta yaliyozidi kwa kitambaa cha mumewe. Hakuharakisha. Mzee Kitambaa alifariki kabla ya saa sita mchana, mikono yake ikiwa bado kwenye mapaja ya mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Vile vyuma bado vinaning'inia dirishani bafuni, na mjane amekataza visiguswe.

Apumzike kwa amani, mahali pasipofika kutu.