Karo ya Mgeni kwa Mzaliwa wa Lewisham

Kwenye basi la Lewisham, London, mbele ya kiti changu, mama mmoja Mkenya alikuwa akimweleza Mhindi wa Kisumu aliyejuana naye kituoni. "Nilimpeleka binti yangu shule ya bodingi Kisii ashike adabu. Amerudi, chuo kimemkubali asomee uuguzi, lakini wanamtoza karo kubwa ya mgeni mpaka aishi hapa miaka mitatu. Na amezaliwa hapa hapa, Mzee Kishor."

"Adabu imekuponza, mama. Mrudishe Kisii akasome."

"Amekataa. Anasema atangoja, na huku anafanya kazi ya kuosha wazee."

Marehemu mke wangu alioshwa na wasichana kama huyo mpaka mwisho. Wakubwa wanaopanga karo sikuwaona hata mmoja.

"Miaka mitatu ni mingi," alisema Kishor.

"Mwambie mwenyewe, huyo pale kituoni, anapanda."

Basi likasimama. Binti akaingia na sare yake ya kazi, nami na magoti yangu mabovu nikampisha kiti.