Neno Lililomtoa Usta Mükremin Jikoni Kwake

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne ya wiki iliyopita alifariki dunia Usta Mükremin Karaöz. Usta Mükremin, fundi wa kupika wa mtaa wa Küçükpazar. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini na tisa alipika chakula cha mchana katika duka moja lenye meza tisa. Miaka thelathini na tisa, meza tisa. Narudia makusudi, maana wapo siku hizi wanaoisimulia habari hii kwa namna nyingine, na wengine wao wananisikiliza sasa hivi wakiwa na birika la chai mezani.

Mnatuandikia sana hapa redioni. Mnauliza, tukija mji wa kale, tule wapi chakula chetu cha asili, cha Kituruki hasa, si cha maonyesho? Kwa miaka thelathini na tisa jibu lilikuwa moja. Teremka kutoka msikitini, wapite wauza kamba, wapite wauza magunia. Ukiona wachukuzi wamesimama mlangoni wanapuliza vijiko kwa sababu ndani pamejaa, umefika.

Menyu hakuwa nayo. Uliingia ukaenda moja kwa moja jikoni, kwenye vyungu sita vya shaba, na Usta akakufunulia kimoja kimoja. Maharage meupe kwenye mchuzi mzito. Mguu wa kondoo ulioiva hadi nyama inaachana na mfupa yenyewe. Mabilingani yaliyojazwa nyama ya kusaga. Kabichi iliyokunjiwa wali na nyama. Wali wa siagi. Supu. Ulionyesha kwa kidole, akapakua. Maharage yakiisha yameisha. Siku moja afisa mkubwa alifika saa tisa kasoro na walinzi wake wawili, akapewa wali na mtindi, akaambiwa awahi kesho.

Mzaha alikuwa nao. Mchukuzi mmoja alilalamika kwamba wali ni kidogo. Usta akamwongezea upawa mzima, halafu akawaambia wenzake kwamba huyu hana tumbo, ana ghala, na mlinzi wa ghala amelala.

Na kila aliyeingia, awe mchukuzi au profesa, Usta aliweka mkono kifuani akasema neno moja. Alisema: "Karibu, duka ni lako."

Duka ni lako. Sote tunalisema. Mfua shaba analisema, muuza vitambaa analisema, mshona magodoro analisema. Mimi mwenyewe niliambiwa duka ni langu mara nyingi kuliko mama yangu alivyoniita kwa jina. Sikuwahi kudai ufunguo.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mke wa Usta ni Bi Safinaz. Bi Safinaz ana mdogo wake, anaitwa Vedat. Vedat alikuja mjini kutoka kwao Mengen akiwa na miaka ishirini na miwili, hajui kukaanga kitunguu. Usta alimfundisha. Alimfundisha kuloweka maharage, alimfundisha kuyaonja kwa ulimi na kwa kidole, alimfundisha kunyamaza mchuzi unapoanza kushika. Miaka ishirini na sita walisimama bega kwa bega. Binti pekee wa Usta, Gülfidan, alimwita Vedat mjomba, na mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye ule mteremko wetu mbaya.

Mama mzazi wa Bi Safinaz na Vedat alipofariki, Vedat alikwenda Mengen kuzika. Alirudi siku ya Ijumaa, mchana, duka limejaa. Akasimama mlangoni na koti lake, haingii wala haondoki, kama mtu aliyesahau njia. Usta aliacha upawa. Akamwendea, akamshika mabega mbele ya watu wote, akasema: "Ingia, Vedat. Usisimame kama mgeni. Duka ni lako."

Nilikuwapo. Nilikuwa meza ya tatu, nakula kabichi. Vedat alilia, nasi tukatazama sahani zetu ili asione aibu.

Miaka minne baadaye ilikuja kampuni. Kampuni ya kukarabati mtaa. Ilitaka kila duka, na kuliko yote ilitaka lile la meza tisa, kwa sababu ndilo wageni walilokuwa wakilitafuta. Usta alikataa. Alisema vyungu vyake havihami. Basi kampuni ikaacha kuzungumza na Usta, ikaanza kuzungumza na Vedat. Na Vedat, wasikilizaji wapendwa, alikwenda mahakamani. Alidai kwamba Usta Mükremin alikwisha kumkabidhi duka, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, siku ya Ijumaa.

Mashahidi walikuwa wawili. Wa kwanza Sadık, mfua shaba, aliyepaka bati vyungu vya Usta kila mwaka. Wa pili İhsan, kinyozi. Watu hao walikula kwa Usta kila siku ya Mungu. Walipanda kizimbani, wakaapa, wakasema walisikia kwa masikio yao: duka ni lako.

Nilimfuata Sadık kibandani kwake siku ile ile. Nilikuwa nimejaa hasira, sikuketi. Nikamuuliza imekuwaje.

"Sikusema uongo," akanijibu, huku anasugua birika. "Niliulizwa kama nilisikia. Nikasema nilisikia."

"Na ulimwambia hakimu kwamba na wewe uliambiwa hivyo hivyo kila siku mchana?"

"Hakuniuliza."

Hakuniuliza. Nimeona mambo katika mji huu. Nimeona watu wanavunja mgomo, nimeona watu wanawataja wenzao kwa sababu ya hofu, na hao nimewaelewa, maana hofu ni hofu. Lakini mtu kuchukua neno la ukarimu, neno lililomlisha yeye mwenyewe, akaliosha, akalikausha, akampelekea hakimu kama hati ya nyumba? Hilo sikuwa nimeliona. Sadık aliahidiwa kibanda baada ya ukarabati. İhsan aliahidiwa kiti cha kunyolea mahali pale pale. Wamevipata vyote viwili. Sadık leo anauza vibirika vya kahawa visivyotengenezwa na mkono wake.

Mtasema, kwa nini Usta hakujitetea? Angeweza. Wakili wake alimwomba aseme hakumbuki. Akakataa. Basi wakili akamwomba aseme kwamba yale yalikuwa maneno ya adabu tu, hayana maana, kila mtu husema. Hilo lingetosha. Hakimu mwenyewe, mtu wa mji huu, alikuwa anasubiri kulisikia. Alimuuliza mara mbili kama alisema, na alikusudia nini.

Usta alisimama. Akasema: "Nilisema. Nikisimama hapa nikasema halikuwa na maana, basi kila niliyemkaribisha miaka yote hii nilimdanganya. Andika kwamba nilisema."

Hakimu akaandika, na duka likawa la Vedat.

Najua baadhi yenu mnasema mzee alikuwa mjinga. Nimelisikia kwenye mkahawa wa chai, limesemwa na watu waliokula maharage yake. Bi Safinaz naye alimgombeza njia nzima hadi nyumbani. Ameniambia mwenyewe: "Nilimwambia, wewe mwanamume, umegawa jiko langu kwa sababu ya heshima yako. Akanijibu kwamba jiko limekwenda, heshima imebaki, akaniuliza leo jioni ale nini." Akacheka aliponisimulia. Halafu hakucheka tena.

Vedat akaipa kampuni duka, likafungwa miezi tisa. Likafunguliwa na taa za shaba na mhudumu aliyevaa fezi, ile kofia nyekundu ya zamani. Ukutani wakaweka picha ya Usta ya ujana wake, na upawa mkononi. Chini yake wakaandika: Maharage ya Usta Mükremin. Picha ilitoka kwenye albamu ya familia. Aliyekuwa na albamu hiyo ni Vedat.

Na mimi nina langu la kusema, nalisema hapa hapa kwenye maikrofoni hii. Mwaka ule redio yetu ililetewa tangazo. Wapi pa kula chakula cha asili katika mji wa kale. Jina la kwanza lilikuwa la mahali pale. Tangazo lilihitaji sauti. Sauti ilikuwa yangu. Nilijiambia kwamba ni kazi. Nilisoma mara mbili kwa siku, wiki tatu.

Usta alipita pale mara moja tu, anatoka kumwona daktari. Gülfidan alikuwa naye, ndiye aliyenisimulia. Yule mhudumu mwenye fezi hakumjua. Aliona mzee mwenye fimbo anatazama ukuta. Akaweka mkono kifuani, kama alivyofunzwa, akasema: "Karibu, mzee. Duka ni lako."

Usta akamtazama kwa huruma. Akamwambia: "Mwanangu, angalia unachosema. Humu mna mashahidi."

Hakuingia. Tangu siku ile hakupika tena, hata chai. Bi Safinaz anasema alikuwa akifunua sufuria ya mkewe, ananusa, anafunika, anakwenda kuketi.

Mwezi uliopita alilazwa. Mapafu. Siku moja Vedat alikwenda hospitalini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba halali. Mnajua jambo hilo. Mtu hataki kuachana na mwenzake huku haki ya mmoja imemganda mwingine. Tunasema, nihalalishie, na mwenzako anasema, halali yako, na mnalala. Ni watu wachache sana wanaokataa. Usta alimjibu, na Gülfidan alikuwa chumbani, akasikia. Hakumwambia mtu.

Tulimzika Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Ua wa msikiti ulijaa hadi nje. Wachukuzi walikuja na mito yao ya kubebea mizigo mgongoni. Vedat alishika mbele ya jeneza, kama shemeji anavyostahili. Sadık alikuwapo. İhsan alikuwapo. Imamu akageuka, akatuuliza kama desturi: Je, mnamhalalishia marehemu haki zenu? Tukajibu, halali yake. Akauliza mara ya pili. Tukajibu. Mara ya tatu, aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sadık.

Ndipo Gülfidan alipotoka safu ya wanawake. Hakupaza sauti. Alimwambia imamu kwamba ametuuliza sisi, je, hakuna wa kumuuliza baba?

Imamu akasema kwa upole, "Maiti haulizwi, mwanangu."

"Aliulizwa akiwa hai," akasema Gülfidan. Akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, waambie alivyokujibu."

Vedat alitazama chini. Basi Gülfidan akasema mwenyewe.

"Alisema hivi. Vedat, tumekula chungu kimoja miaka ishirini na sita. Chakula nimekuhalalishia, chote, hadi punje ya mwisho. Duka nalo nimekuhalalishia, ni mawe. Neno langu sijakuhalalishia. Hilo utakuja nalo mbele ya Mungu."

Jeneza likainuliwa. Vedat aliondoa bega lake chini ya jeneza, na mchukuzi mmoja, bila kuambiwa, akaweka lake.

Wasikilizaji wapendwa, pole nyingi zimfikie Bi Safinaz, ambaye amepoteza mume na, naomba aniwie radhi kwa kusema, amepoteza na ndugu. Pole imfikie Gülfidan. Pole ziwafikie wachukuzi wa Küçükpazar, wanaokula mkate na jibini ukutani siku hizi. Mungu amlaze Usta Mükremin mahali pema.

Na ninyi mlio mezani sasa hivi, fikirini. Kumbukeni ni neno la nani mlilolipeleka mahali ambapo halikukusudiwa. Kama mwenyewe yu hai, inukeni mwende kwake leo, msingoje ugonjwa. Sadık hakwenda. İhsan hakwenda. Hata mimi niliyesoma lile tangazo sikwenda. Tulipiga kelele uani, halali yake, halali yake, mara tatu, kana kwamba mdeni alikuwa yeye.