Bi Robo na Ngozi ya Ngoma ya Shaba

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza, familia imenipa mimi, mtoto wa dada yake mkubwa, heshima ya kuwasomea maisha ya mama yangu mdogo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Robo, na nawaomba radhi mapema, kwani nimeambiwa nisome polepole na kwa huzuni, lakini maisha yenyewe hayasomeki hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba namba kumi na saba, kota za reli, akiwa kitinda mimba wa watoto watano wa dereva wa garimoshi na fundi cherehani, na mama yangu hutuambia kwamba kabla hajajua kutembea vizuri alikwisha kubonyeza masufuria mawili kwa mwiko. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968, ambako alihamishwa dawati mara nne kwa kugonga ubao kwa vidole, na ambako aliongoza darasa zima kwa hesabu.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika karakana ya reli, na mwaka uliofuata akaingia bendi ya wafanyakazi, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa, akipiga ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, zinazotetema kila kijiti kinapogusa juu.

Sasa hapa ndipo nilipoambiwa nifupishe, nami sitafupisha. Mwishoni mwa Julai 1976 ngoma hiyo ilianguka kutoka kwenye lori ikapasuka, zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya mashindano ya bendi, na mkurugenzi alikuwa ametamka wazi kwamba baada ya mashindano hayo ataamua kama bendi ibaki au ivunjwe. Kiongozi wa bendi akapata ngoma ya kuazima, ila wenyewe walikubali kuitoa kwa sharti moja, kwamba ije na mpigaji wao. Mama mdogo hakulia wala hakubishana, aliingia stoo, akafukua nyuma ya maturubai, akaibuka na ngoma ya shaba iliyomzidi umri, imeandikwa chuma chakavu, haina ngozi juu wala chini. Akamwambia kiongozi, "Nipe hadi Ijumaa. Isiposema, nitambebea huyo mgeni vijiti mwenyewe."

Ngozi ya kwanza ilikuwa ya plastiki nene, ya tabaka mbili, iliyokuwa kabatini mwa bendi, na ilikwama kwenye ukingo kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima, na alipoilazimisha ikatoa sauti ya mlango wa kabati. Akaichukua ngoma kwapani hadi mtaa wa mafundi viatu, akauliza nani ana ngozi ya ndama iliyo nyembamba, wote wakacheka isipokuwa mmoja, kijana mpole mwenye gundi hadi kwenye nyusi, aliyeizungusha ngoma mara mbili akasema, "Niachie siku tatu, dada, nami nitakaa macho." Akailoweka ngozi, akaikunja kwenye pete ya mti, akaivuta kwa mikono yake, na siku ya tatu ilipokauka ngoma ilisema kwa sauti tamu, nzito, hata mafundi wa mtaa mzima wakaweka nyundo chini.

Jumatano ikanyesha mvua, na ngozi ya ndama ikalegea ikalala kama chapati. Mama mdogo alikaa sakafuni mwa stoo akiwa na futi ya mama yake ya kushonea, akaupima mdomo wa ile shaba, akagundua kwamba umepanuka kidogo tu kuliko ngoma za siku zile, upana wa kucha. Alhamisi alikwenda dukani na ngoma yenyewe, akajaribu ngozi moja baada ya nyingine, zile nyeupe za tabaka moja, za unene wa kati, zilizopakwa rangi yenye kukwaruza, hadi mwenye duka akachoka na kuuliza, "Dada, unachagua ngozi au mchumba?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Ngozi. Mchumba nimeshamwona." Ya kumi na moja ilishuka yenyewe, bila kusukumwa.

Kiongozi alitaka ikazwe iwe ngumu kama meza, yeye akakataa katakata, akisema shaba ya zamani ikibanwa hivyo inapinda na kunyamaza, akawa anazungusha skrubu moja, kisha ile inayoielekea, akinong'ona, "Robo tu, robo tu," na jina likamganda siku hiyo hiyo. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti, chini ya manyunyu, alipiga mdundo wa kwanza, na sauti ikaenda hadi safu ya mwisho uwanjani, kavu, safi, kila kijiti kikisikika peke yake, watu wakasimama! Walishika nafasi ya pili, lakini mkurugenzi alishuka jukwaani akauliza ngoma ile imenunuliwa lini, na bendi haikuvunjwa, ipo hadi leo, imeketi pale kushoto.

Tarehe 23 Desemba 1978 alifunga ndoa na yule fundi viatu, wakajaliwa binti mwaka 1980, ambaye ni mwalimu, na mwana mwaka 1983, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watano. Alistaafu mwaka 2006, akafungua karakana barazani mwake, ambako watu walileta ngoma kuukuu kutoka mbali, naye hakuwahi kumchagulia mtu ngozi kabla ya kumsikia akipiga.

Mwaka 2021 aligundulika na ugonjwa wa moyo, akatibiwa hospitali ya wilaya, ambako alimwambia daktari kwamba mapigo yake yanachelewa nusu, na kipimo kikakubaliana naye. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa utani na subira, wafanyakazi wenzake wa karakana na bendi, na majirani wa kota, mliovumilia kelele miaka arobaini bila kugonga ukuta, ukiacha mmoja, ambaye tangu juzi ndiye anayelia kuliko sisi sote.

Mama mdogo, ulitufundisha kusikiliza kwanza, tumekusikia, pumzika kwa amani.